Kujipima: Mikate Isiyotiwa Chachu au Siku ya Upatanisho?

Sikukuu ya Mikate Isiyotiwa Chachu huchukua siku 7, kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kiebrania, na chachu yote huondolewa nyumbani (Kutoka 12:15). Paulo anaifananisha chachu hiyo na uovu na ubaya (1 Wakorintho 5:8), kwa hiyo siku hizi zinafaa kuchunguza tabia zilizojificha. Kila siku chagua moja, tuseme kijicho, iandike, iungame. Wengi huharibu hapa: husaka chachu ya mwenzi wao.

Siku ya Upatanisho ni moja tu, tarehe 10 ya mwezi wa saba, jioni hadi jioni, ya kuitaabisha nafsi, yaani kufunga na kujinyenyekeza, na kuacha kazi (Walawi 23:27-32). Kwa uhusiano uliovunjika naiona bora, ila maandalizi yaanze wiki kadhaa kabla, maana Mathayo 5:23-24 inataka upatane na ndugu yako kwanza, ndipo utoe sadaka. Uliyemdhulumu mrudishie mali yake na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7): shilingi 100,000 huwa 120,000. Ujumbe wa simu wa “nisamehe kama nilikukosea” hautoshi. Taja kosa lenyewe, tena uso kwa uso.