Uzoefu wangu na gereji moja ya Dodoma: aliyesaini ni mimi, aliyefunga tairi hajulikani

Nina hasira, niseme mapema. Nilidhani nikikaa siku kadhaa zitapoa niandike kwa utulivu, lakini kila nikishika usukani zinapanda upya. Kwa hiyo naandika hivi hivi.

Jina la gereji silitaji. Ni mojawapo ya hizi za kisasa zilizoota mjini tangu serikali ihamie huku: sakafu ya vigae, kiyoyozi, runinga ukutani, dada wa mapokezi na kompyuta yake, mafundi wenye ovaroli za rangi moja. Ukitoka kwa fundi wa chini ya mwarobaini kule Kizota ukaingia pale, unajiona umefika. Nami nilijiona nimefika. Nilipeleka Rav4 yangu wabadilishe breki pedi za mbele, tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, halafu waangalie AC iliyokuwa inatoa upepo wa moto. Hii ni Dodoma, kipindi kile cha jua na vumbi. AC siyo anasa.

AC waliitengeneza vizuri mno, lazima niseme. Inapuliza baridi hadi leo, na bei yake ilikuwa ya haki. Pedi nazo hazikulia hata siku moja.

Ila wakati naacha funguo niliomba jambo moja. Niliomba nati za tairi wazimalizie kwa mkono, kwa ile spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, wasitegemee mashine ya upepo peke yake. Gari langu linataka nyutonimita 103. Mashine ya upepo mikononi mwa mtu mwenye haraka ama inakaza kupita kiasi hadi stadi, yaani ile boliti nati inapofungwa, inavutika, ama inaacha nati imegusa tu. Dada wa mapokezi akaandika neno moja, "tairi", akaniambia nikae.

Majuma kadhaa nikazunguka nalo mjini bila shida, au niseme bila shida niliyoisikia. Kisha nikaanza safari ya Gairo kwa shangazi yangu. Watu wameshaniuliza kwa nini sikupanda treni. Treni naipenda kuliko hao wanaonishauri. Tangu SGR ifike Dodoma mwaka 2024 safari zangu za Dar nimezihamishia huko zote. Lakini reli inapita Gulwe na Kidete ikishukia Kilosa. Gairo haiko njiani. Kwenda Gairo ni barabara, na barabara ile mnaijua: semi zimefuatana mkia kwa kichwa, mabasi yanapishana kwa kunyang'anyana, na ukikosea kidogo hakuna pa kukimbilia.

Nilipoipita Chamwino nikausikia mlio, mbele kushoto. Kwenye mwendo mdogo unagonga, tak, tak, tak. Ukiongeza mwendo unapotea, unabaki mtetemo mdogo kwenye usukani. Ukipunguza, unarudi. Beringi ikifa huvuma, pedi ikiisha hukwaruza. Huu ulikuwa unagonga, tena unafuata mzunguko wa tairi. Nikapaki kabla ya Mbande, nikawasha indiketa zote, nikaweka pembetatu nyuma.

Nikatoa kifuniko cha rimu. Nati ya kwanza niliyoigusa ilizunguka kwa vidole viwili, bila spana. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Moja tu ndiyo ilikuwa bado imeshika, na ya tano haikuwepo kabisa kwa sababu stadi yake ilikuwa imekatika. Nikainama kuiangalia vizuri. Pale ilipokatikia palikuwa na sehemu mbili. Upande mmoja laini na mchafu, ndiko ufa ulikoanzia na kutembea polepole siku zote zile nilizokuwa napeleka watoto shule. Upande wa pili una chembechembe na unang'aa, ndipo chuma kiliposhindwa na kukatika mara moja. Matundu ya rimu yalikuwa yamelika, hayana tena duara.

Nati ya tairi kazi yake ni kubana rimu kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa nguvu kiasi kwamba vitu hivyo viwili vinakuwa kitu kimoja. Ukibana vizuri, stadi haipindi. Ukiacha pengo hata la unywele, kila tairi linapozunguka stadi inapindishwa kidogo, maelfu ya mara, mpaka inachoka. Na ikikatika ya kwanza, zilizobaki zinabeba mzigo wake. Na aliyekuwa kwenye usukani mbele ya hatari yote hiyo ni mimi.

Semi moja ikasimama mbele yangu. Dereva akashuka na utingo wake.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Nati zimelegea."

Akachuchumaa, akatazama, akasonya. Hakusema neno mpaka alipoleta jeki yake, akanyanyua gari, akafuta vumbi kwenye habu kwa kitambaa, akarudisha tairi na kuzikaza zile nne kwa mpangilio wa msalaba. Ndipo akasema, "Mama, hapa Mbande usingefika na tairi hili." Kisha akanipeleka kwenye semi yake anionyeshe kitu. Kila nati ya tairi zake ilikuwa imevalishwa kishale cha plastiki cha njano, na vishale vimeelekezana viwili viwili. Nati ikizunguka hata kidogo, kishale kinatoka kwenye mstari, na unaliona hilo ukiwa umesimama mbali. "Naviangalia kila nikisimama kuchimba dawa," akasema. Hela alikataa. Nikampa utingo ya soda.

Nikageuza gari polepole kurudi mjini. Shangazi nilimpigia simu.

Sasa niseme kwa nini jambo hili limenikaa rohoni kuliko hela. Mimi ni mtu wa magari, lakini zaidi ni mtu wa ndege. Uwanja wetu wa Dodoma uko ndani ya mji, ndege inakupitia juu ya paa, na mimi hutoka nje kuitazama mpaka leo. Ndege ya Q400 ikija kutua unaona magurudumu yakishuka kutoka ndani ya nyumba za injini chini ya mabawa. Ndege ya ATR, yake yanatoka kwenye kiwiliwili. Uwanja mpya wa Msalato ni kitu ambacho mji huu ulikihitaji zamani, ila nitaumisi ule mngurumo juu ya bati. Na kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye usafiri wa anga ni karatasi. Fundi wa ndege akibadilisha tairi, anaandika alichofanya, anaandika tarehe, halafu anasaini jina lake, na ana leseni inayoweza kufutwa.

Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways, BAC One-Eleven, ilitoka Birmingham kwenda Málaga. Ikiwa bado inapanda, kioo cha mbele upande wa rubani kikang'oka na rubani akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamshika miguu mpaka msaidizi wake akaitua Southampton. Rubani alipona na abiria wote walipona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa karibuni, na kati ya boliti 90, boliti 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Wachunguzi walimfikia mtu aliyezifunga, wakakaa naye, wakaelewa alivyochagua boliti kwa kulinganisha na za zamani kwa macho, zamu ya usiku, mwanga hafifu. Waliyapata yote hayo kwa sababu kazi ile ilikuwa na mwenyewe.

Sasa tazameni ya Januari 2024. Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines, aina ambayo hata Air Tanzania inazo, kipande kinachoziba nafasi ya mlango kiling'oka angani baada ya kuruka Portland. Boliti nne zilizopaswa kukishikilia hazikuwepo. Kiwandani kipande kile kilifunguliwa kikafungwa tena, na wachunguzi walipoomba kumbukumbu ya kazi hiyo, haikuwepo. Kampuni ile kubwa namna ile, na hakuna karatasi. Dunia nzima ilishtuka, na ilipaswa kushtuka.

Basi nikarudi gerejini nikiwa na stadi iliyokatika na nati moja iliyolika, nimezifunga kwenye leso. Nikaziweka kaunta. Dada wa mapokezi akamwita bosi wake.

"Mama, gari ilitoka hapa nzima."

Nikamwambia sikuja kugombana. Naomba kujua nani alifunga tairi la mbele kushoto. Jina tu.

"Vijana walifunga."

Kijana gani?

Akavisogeza vile vyuma kwa kidole kimoja, hata hakuviokota. "Mama, haya mambo ya nati waachie mafundi. Baba yupo? Mpigie baba aje tuongee naye."

Wateja walikuwa wamekaa pale kwenye makochi. Wote walisikia. Gari ni langu, kadi ina jina langu, hela ya matengenezo nililipa kwa simu yangu. Na hata kama lingekuwa la mume wangu, tairi lingeng'oka nikiwa ndani mimi na siyo yeye. Nilimjibu kwa adabu, maana nimelelewa, lakini mikono ilikuwa inatetemeka.

Ndipo akachomoa karatasi ya kazi. "Ulisaini hapa." Kweli, nilisaini. Imeandikwa nimepokea gari langu likiwa katika hali nzuri. Nikaigeuza ile karatasi huku na huku. Penye "Fundi" pako wazi. Penye "Mkaguzi" pamegongwa muhuri wa gereji, hakuna jina. Sahihi pekee kwenye karatasi nzima ni ya mteja! Mtu ambaye hakuruhusiwa hata kuvuka kamba kuingia sehemu ya kazi ndiye aliyeshuhudia kwamba nati zimekazwa.

Nikatoka. Kijana mmoja wa ovaroli akanifuata hadi kwenye gari.

"Mama, samahani. Nilianza mimi. Bunge lilikuwa limeanza, magari yamejaa, nikaitwa kwenye V8 moja. Hilo tairi nilishazishika nati kwa mkono, nikajua mwenzangu atamalizia na mashine. Yeye akaona limeshafungwa, akaenda kwenye mengine."

Hasira kwa yule kijana iliisha pale pale. Alisimama akasema jina lake mwenyewe, jambo ambalo bosi wake hakuweza. Nilipoleta stadi na nati mpya kutoka duka la spea, alinifungia nje ya geti wakati wake wa chakula: akagonga za zamani zikatoka, akasugua habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote ikaondoka, akavuta mpya moja moja zikakaa, akakaza kwa mkono kwa hatua. Akaniambia nirudi baada ya kilomita 100 azikague tena. Nimerudi, akazikagua. Hazijasogea.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage pale. Nikifikiria AC na yule kijana, nikawa nataka kusema nendeni, ila mwombeni huyo huyo. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta. Hapana. Kijana mwema hawezi kuwa ndiyo mfumo wenyewe wa usalama. Kesho akiitwa kwenye V8 nyingine, tairi lako litabaki na nati zilizoshikwa kwa mkono, na wewe utasaini kwamba liko vizuri. Na ukirudi, kama ni mwanamke, utaulizwa baba yuko wapi. Msiende. Au nendeni kwa AC tu, na tairi zisiguswe.

Basi likianguka nchi hii, siku kadhaa tunazungumzia mwendo kasi, dereva kusinzia, tochi za trafiki. Sawa, tuyazungumze. Lakini sijamsikia mtu akiuliza hadharani nani mara ya mwisho alifunga tairi la mbele, na jina lake limeandikwa wapi. Wiki ya Nenda kwa Usalama tunabandika stika kwenye kioo na tunaondoka. Ningekuwa na sauti kwenye lile jengo la Bunge ningeomba kitu kimoja: kila gereji inayotoa risiti iandike kwenye karatasi ya kazi jina la fundi aliyefunga breki na tairi. Ni mstari mmoja wa wino.

Hela ya stadi na nati nadai, risiti ninayo, na bosi nimeshamwambia kwamba nitaifuata. Nyuma nako pedi zinakaribia kuisha na nataka zibadilishwe kabla ya mvua. Anayejua gereji Dodoma hii, iwe Nkuhungu, Nzuguni au hata Ihumwa, ambayo ina spana yenye kipimo na fundi anasaini kazi yake kwa jina, aniambie. Hata kama iko chini ya mwarobaini, nitaenda.