Kukaza ekseli ya nyuma ya pikipiki: spana ya kawaida au spana ya toki?

Kufungua nati ya ekseli, spana ndefu ya kawaida inatosha, tena ndiyo inayofaa. Usiitese spana ya toki, yaani ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kazi ya kulegeza. Tofauti inakuja wakati wa kurudisha.

Kwa spana ya kawaida unategemea mkono. Ni nafuu, inapatikana, na fundi mzoefu hukaribia kipimo. Lakini mkono hudanganya, hasa ukichoka. Ukiiacha nati imelegea, gurudumu husogea na cheni hupinda. Ukikaza kupita kiasi, unaharibu nyuzi za nati, na safari ijayo hata kuifungua ni vita.

Spana ya toki unaipanga kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, kisha inalia "tik" ukifika. Hapo acha. Usiongeze "kidogo tu"! Pikipiki kubwa nyingi hukazwa karibu na Nm 100 (nyutoni-mita, kizio cha nguvu ya kukaza), ndogo huwa chini zaidi, kwa hiyo usiazime namba ya jirani.

Mimi nachagua toki. Asiye nayo akaze kwa mkono, kisha apeleke pikipiki kwa mwenye toki kabla ya safari ndefu.

Ila hakuna spana inayofidia haya: ekseli ipakwe grisi nyepesi, bushi (vipande vya bomba vinavyokaa pembeni mwa gurudumu) zirudi kila moja upande wake, ulegevu wa cheni upimwe kabla na baada ya kukaza, na pini ya nati, kama ipo, iwe mpya. Kisha kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka.