Miezi minne na programu ya kulinganisha habari: rangi tatu hazitoshi

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia, kwa kulipia, mojawapo ya zile programu za simu zinazokusanya habari moja kutoka vyombo vingi na kuipanga kwa mrengo wa kisiasa wa kila chombo: kushoto kwa rangi ya buluu, kulia kwa nyekundu, katikati kwa kijivu. Programu za namna hii zimekuwa kadhaa na zinafanana mno, kwa hiyo ninayoyaandika hapa yanaihusu huduma yenyewe kuliko kampuni iliyoniuzia. Nilijisajili kwa sababu mabishano ya siasa kati yangu na kaka yangu yalikuwa yamefika mahali ambapo kila mmoja alimwona mwenzake mwongo, nami nilitaka kujua uongo huo ulikuwa unaanzia wapi.

Yasiyohitaji maneno mengi niyamalize mapema. Inafunguka haraka, maandishi yanasomeka vizuri, haina matangazo, na kusitisha malipo hakuna hila yoyote. Nilijaribu mwezi wa pili kwa makusudi nikafanikiwa. Arifa zake ni nyingi kupita kiasi, ila zinazimika.

Uzuri wake huonekana unapochukua habari moja na kuisoma kutoka pande zote. Siku moja ilikuwapo hukumu ya mahakama iliyobatilisha sheria ya mikutano ya hadhara. Majaji walikuwa watatu. Wawili waliibatilisha, mmoja akapinga. Upande wa buluu kichwa cha habari kilisema kwamba mahakama imeizika sheria kandamizi, na upande wa nyekundu kikasema kwamba majaji wawili wamepindua uamuzi wa Bunge. Hakuna aliyesema uongo. Lakini habari ya kwanza, ambayo niliisoma hadi nukta ya mwisho, haikutaja popote kwamba jaji wa tatu alikuwa na maoni tofauti, sembuse hoja zake. Na ya pili haikumwambia msomaji kwamba sheria ile ilimpeleka mtu jela kwa kukusanyika na wenzake bila kibali, jambo ambalo ndilo hasa lililofikishwa mahakamani. Picha nazo zilichaguliwa kwa akili. Huku kulikuwa na bibi mwenye mvi aliyeshika bango, kule kijana aliyejifunika uso, na watu wale wale waliitwa waandamanaji upande mmoja na wafanya fujo upande wa pili. Anayesoma chombo kimoja tu angelala usiku ule akiwa na nusu ya hukumu mkononi, na angeweza kuapa kwamba anayo yote.

Vibandiko vya rangi, ambavyo ndivyo kampuni inavyovitangaza zaidi, kwangu ndivyo sehemu dhaifu kuliko zote. Gazeti zima hupewa rangi moja, ilhali waandishi wake wa habari na wale wa safu za maoni huenda hata hawakubaliani kuhusu siku ya wiki. Baya zaidi, rangi humsomea msomaji kabla hajasoma mwenyewe: kufikia wiki ya tatu nilijikuta kidole changu kikiruka rangi fulani chenyewe, yaani nimelipa ili nisaidiwe kutoka kwenye boma nami nikalijenga upya kwa starehe zaidi. Na hicho kijivu cha katikati kinaleta dhana kwamba ukweli hukaa nusu ya njia. Haukai huko. Mmoja akisema waliohudhuria mkutano walikuwa elfu arobaini na mwingine akasema elfu kumi, kinachotakiwa ni kuhesabu watu, si kugawanya kwa mbili. Isitoshe, maneno haya ya kushoto na kulia yametokana na jinsi wajumbe walivyokaa katika Bunge la Taifa la Ufaransa mwaka 1789, na ni ajabu kidogo kwamba mpangilio wa viti wa wakati ule bado unatumika kumpima mtu anayetaka kodi ipunguzwe na wakati huo huo hataki polisi wapekue simu yake. Programu haina rangi ya mtu huyo.

Sehemu inayostahili ada yote ni ile iliyofichwa chini kabisa ya ukurasa, inayoonyesha habari ambazo upande mmoja umezitangaza na upande mwingine umezinyamazia. Kunyamaza ndiko upendeleo mkubwa kuliko wote, kwa kuwa neno kali utalisikia na unaweza kulibishia, ila lisilosemwa hulijui hata ulikatae. Jambo hili limewahi kupimwa. Mwezi Septemba 2020 watafiti David Broockman na Joshua Kalla waliwalipa baadhi ya watazamaji wa mara kwa mara wa Fox News, kituo cha televisheni cha mrengo wa kulia nchini Marekani, dola 15 kwa saa, hadi saa saba kwa wiki, ili watazame CNN, kituo kinachohesabiwa kuwa cha upande wa pili, badala yake kwa mwezi mmoja. Watazamaji hao hawakubadili chama, lakini walijifunza mambo ambayo kituo chao kilikuwa hakiyatangazi, baadhi ya misimamo yao ikalegea, na wakaanza kukitilia shaka kidogo kituo hicho. Malipo yalipokwisha walirudi walikotoka, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ikafifia. Ningependa kujua ni wangapi kati yetu tungefanya tofauti bila kulipwa.

Nililiona jambo hilo hilo kwa kaka. Kwa miezi mingi nilidhani kwamba kashfa moja ya zabuni anaijua na anaitetea, lakini nilipomwonyesha kwenye simu, aliinua uso akaniuliza, "Hii ilitokea lini?" Hakuwa akikanusha. Hakuwa amewahi kuisikia. Naye akanionyesha mbili ambazo mimi pia sikuzijua, na zote zilikuwa za upande wangu. Sisi tulikuwa tunajibizana kutoka katika matukio tofauti, na hapo hata mwenye hoja nzuri hawezi kumfikia mwenzake. Watu husema kwamba uhuru wa maoni ni kuweza kutamka unachofikiri, lakini nani ana uhuru wa kuchagua kati ya vitu viwili ikiwa kimoja kimefunikwa?

Wapo wanaotaka serikali iingilie kati. Marekani ilijaribu tangu 1949 kwa Kanuni ya Usawa, iliyovitaka vituo vya redio na televisheni vinavyotumia masafa ya umma kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana; Mahakama ya Juu iliiunga mkono mwaka 1969, na tume ya mawasiliano ikaifuta mwaka 1987. Mabishano juu yake hayajaisha, na mimi naelewa hofu ya pande zote, kwa sababu anayepewa mamlaka ya kupima usawa hupewa pia mamlaka ya kuutaja usaliti. Programu hii walau hailazimishi mtu yeyote kuchapisha chochote. Inaniwekea vitu mezani, nichague mwenyewe.

Malalamiko yangu makubwa yako mahali pengine. Kila Jumatatu hunitumia mchoro wa jinsi nilivyoegemea wiki iliyopita, maana yake ni kwamba mahali fulani inatunza daftari la maoni yangu ya kisiasa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu 2018, huweka maoni ya kisiasa katika kundi la taarifa nyeti, na si bure. Nilipochungulia mipangilio nilikuta kitufe cha kuwagawia "washirika" taarifa zangu kimewashwa tangu siku ya kwanza, bila mimi kuulizwa. Nilipoandika kuulizia, jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja, likanishukuru kwa kuwa mteja mwaminifu.

Nyota tatu kati ya tano, zote za sehemu ile ya chini. Kitufe nimekizima, rangi nimezificha, ada ya mwezi wa tano nimeilipa. Kaka amekataa kata kata kujisajili, lakini kila Jumapili jioni hunipigia kuuliza kituo chake kimenyamazia nini wiki hiyo, na kabla sijamaliza kujibu huuliza changu je.