Upasuaji wa shingo ya juu kwa mtoto: madaktari nyota 5, foleni ya MRI hapana

Wazazi wenye watoto wa Down syndrome (waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada) hii someni. Mtoto wa dada yangu amefanyiwa upasuaji wa pingili mbili za juu za shingo, C1 na C2, kwenye hospitali ya rufaa, na kwa kweli wale madaktari wanajua kazi yao.

Alianza kujikwaa ovyo, shingo kaipinda upande, halafu akarudia kukojoa kitandani wakati alishaacha kabisa. Zahanati moja ya mtaani wakasema misuli tu imekaza, akandwe shingo. Akandwe! Hawa watoto kano zao, zile nyuzi zinazoshika mifupa pamoja, zimelegea toka kuzaliwa, C1 inaweza kuteleza mbele ikabana uti wa mgongo, sasa ukimkandakanda hapo unachezea uhai wake.

Bingwa aliagiza eksirei za shingo zinazopigwa kwa upande, moja kanyooka, moja kainama mwenyewe taratibu, moja kaangalia juu, na ni ile ya kuinama ndo ilionyesha kila kitu. Kwa mtoto, nafasi kati ya C1 na kile kijino cha C2 (kimfupa kinachochomoza juu) ikizidi milimita 5 hapo kuna tatizo, na yetu ilizidi. Ukipiga ya kunyooka peke yake unaweza kuambiwa mtoto mzima.

Kabla ya kupasua walipiga CT skani waone mshipa mkubwa wa damu unapita wapi, maana waliozaliwa na kasoro za hapo unaweza kupita kusiko kawaida. Mtoto analazwa kifudifudi, wanaingilia nyuma ya shingo, skrubu kwenye C1 na C2 zinaunganishwa na vyuma vidogo, halafu wanatoa mfupa kidogo nyongani wanaupandikiza pale ili pingili zishikane moja kwa moja. Na hawakutuficha, walisema mapema kwamba karibu nusu ya kugeuza kichwa kushoto na kulia inatoka hapo kwahiyo itapungua. Kweli, sasa hivi ukimwita kwa nyuma anageuka na mabega, ila kuitikia ndiyo kwa kichwa yuko vizuri tu, hiyo inafanyika juu zaidi, kati ya fuvu na C1.

Manesi wa wodini Mungu awabariki. Kumgeuza ni watu watatu, mmoja kashika kichwa tu, wanahesabu ndo wanageuza kwa pamoja. Dada walimfundisha kusafisha na kukausha ngozi chini ya kola ya kushikilia shingo maana kwa joto hili inachubuka haraka.

Nyota napunguza kwenye foleni ya MRI (kile kipimo cha picha za ndani ya mwili), ndefu mno kwa mtoto ambaye miguu inazidi kulegea, na kola ya saizi yake hawakuwa nayo, tukahangaika maduka ya vifaa tiba.

Anatembea vizuri sasa na kitanda kikavu. Na kama wako anaenda kutolewa tonsesi au kung'olewa meno kwa usingizi, mwambieni daktari wa usingizi mapema habari ya shingo, wakati wa kuweka mpira wa kupumulia huwa wanakirudisha kichwa nyuma.