Kamera ya kanisa la kina mama mkwe: nyota moja, au sijui

Kampuni inayorusha misa za parokia ya mama mkwe haina adabu. Jina silitaji, wenyewe wanajijua.

Mume wangu ni mtu wa Mayo, magharibi ya Ayalandi, na sisi tunaishi Perth, Australia. Juzijuzi shangazi yake alifariki. Kule maiti haiwekwi sana. Mtu akifa leo, tangazo liko RIP.ie, tovuti yao ya vifo, jioni, kesho linasomwa Midwest Radio kama tulivyozoea kusikia vifo redioni kwetu Mombasa, na siku ya pili au ya tatu anazikwa. Kutoka Perth hadi Mayo ni zaidi ya siku nzima njiani, na hapo hujasaka tiketi. Basi ikabaki kamera. Misa ilikuwa saa tano asubuhi kwao, saa moja usiku kwetu. Mume akavaa suti na tai, akaketi sebuleni wima kabisa.

Wana desturi moja naipenda sana: misa inapoanza, wajukuu hupeleka altareni vitu vinavyoeleza marehemu alikuwa nani. Kikapita kipakiti cha karata, mume akacheka. Ikapita jezi ya Mayo, ya kijani na nyekundu. Timu hiyo, ya wanaume ya soka ya Kigaeli, ilichukua ubingwa wa Ayalandi mara ya mwisho 1951, na bibi wa watu kaisubiri hadi kafa. Kisha akatokea mtoto kabeba kitu kimefungwa kitambaa, na picha ikaganda. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, na mume wangu kainama mbele mpaka pua inakaribia kioo.

Iliporudi, padri alikuwa ananyunyizia jeneza maji ya baraka. Mahubiri yamepita. Maombi ya waumini yamepita, na humo ndimo walimosomwa walio ng'ambo. Mama mkwe alituambia baadaye kwamba jina la mume wangu lilitangulia.

Niliwaandikia huduma kwa wateja palepale. Jibu: "Usijali, misa inarekodiwa, utaitazama baadaye." Baadaye! Mtu anazikwa baadaye? Kesho yake tukaifungua hiyo rekodi: pengo liko vilevile, na kuipakua wanataka pesa. Nilipolalamika tena nikaambiwa nikague intaneti yangu. Intaneti yangu muda wote huo ilikuwa inamwonyesha mwanangu katuni chumba cha pili, haikukwama hata mara moja.

Nikaapa haifunguliwi tena nyumba hii. Jumapili mume akaifungua.

Nilitaka kugomba, nikanyamaza, maana namjua anachotafuta. Tabia hii aliianza 2020, kulipokuwa na kipindi Ayalandi inaruhusu watu 10 tu mazishini na kila parokia inahangaika na kamera. Mahubiri hayasikilizi sana, Mungu amsamehe. Anamtazama mama yake akiingia, anakaa benchi lilelile karibu na kipasha joto. Kwenye simu mama hajawahi kuumwa. Ukimuuliza hali, anakueleza mvua na ng'ombe wa jirani. Kamera ndiyo iliyotuonyesha kwamba siku hizi anatembelea fimbo. Jioni ile mume alipiga simu, akazungukazunguka weee, mpaka bibi mwenyewe akatoboa: goti, tangu Krismasi.

Sasa nihukumu vipi? Kampuni nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa sababu mfumo haukubali sifuri. Kamera yenyewe ningeipa nne. Hapana, tatu, bado sijui yule mtoto alibeba nini, na nikimuuliza mama mkwe anaanza kulia.

Misa ya shangazi ya kutimiza mwezi inakaribia. Tutaitazama hapohapo, hatuna mahali pengine. Lakini mpwa wa mume keshaambiwa apande juu kwa wanakwaya na simu iliyojaa chaji. Na ile rekodi bado naidai, bure, nzima, bila pengo.