Tanga Kuukuu kwa Gari la Tanga la Kujiundia

Kwa anayejiundia gari la tanga, yaani gari la magurudumu matatu linalosukumwa na upepo nchi kavu, tanga lililotumika la ubao wa kuteleza baharini kwa upepo, lenye takriban mita 5 za mraba, ni ununuzi wa busara, ilimradi mlingoti wake usimikwe kwenye bomba imara la chuma. Ubora wake huonekana katika urekebishaji: kamba ya chini, ile inayolivuta tanga kuelekea kitako cha mlingoti, ikivutwa sana, mlingoti hupinda, tanga huwa bapa, na ncha yake ya juu hulegea na kuupitisha upepo wa ghafla ambao vinginevyo ungeinua gurudumu; kamba hiyo ikilegezwa kidogo, tanga hutuna na kuvuta vizuri upepo hafifu. Demani, yaani kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, ipitishwe kwenye kapi nne, kwani mbili huchosha mikono. Dirisha la plastiki la kuonea lililo kwenye tanga kuukuu, kwa bahati mbaya, mara nyingi huwa limekwisha kukakamaa kwa jua.