Baa nne kwa baiskeli mjini Kisumu: vijana wazuri, ratiba imekaa kichwa chini

Nianze na pesa, maana katika chama chetu mimi ndiye mweka hazina, na matembezi haya yalilipwa kutoka mfuko ambao wenzangu walinikabidhi wakijua sitaufungua ovyo. Ni shilingi 1,500 kwa kila mtu. Hiyo inakupatia baiskeli, helmeti, kizibao kinachong'aa, kijana mmoja wa kuongoza mbele, mwingine wa kufunga msafara nyuma na mkoba wa spana, tyubu na pampu, pamoja na chupa moja katika baa ya kwanza. Vingine vyote unajilipia kwa M-Pesa yako, na hapo ndipo watu hujisahau. Wanywaji wetu walimaliza jioni wakiwa wametumia kama 3,500 kila mmoja. Mimi sinywi pombe, nina soda yangu ya Stoney, na nilitumia 2,400, samaki akiwa ndani ya hesabu hiyo.

Jina la biashara sitaliandika, kwa kuwa nina lawama na mwenyewe nimeshamwambia uso kwa uso. Mpango wao ni huu: Jumamosi alasiri mnakusanyika mjini, mnapanda baiskeli, mnapita baa tatu mkielekea Ziwa Victoria, ya nne iko Dunga, ukingoni mwa ziwa, na hapo mnakula samaki. Kutoka katikati ya mji hadi Dunga ni kama kilomita nne tu, kwa hiyo hata mtu ambaye hajakanyaga pedali tangu shule ya msingi atafika. Wanafanya kazi wikendi pekee, na huo si uvivu. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi bado wanaiita ya Mututho, mbunge aliyeipigania, inaruhusu baa kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi na sikukuu. Ukianza saa kumi na moja hapa kwetu, jua litazama ukiwa bado njiani. Tuko karibu na ikweta. Linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, Januari hadi Desemba. Shikeni saa hizo, maana ndizo zilizotuharibia mambo.

Kwanza baiskeli zenyewe. Nilitarajia Black Mamba, lile dude zito la chuma lililobebea watu wa magharibi mwa Kenya maziwa, miwa na wagonjwa miaka nenda miaka rudi. Bodaboda yenyewe ilianzia mpakani Busia ikiwa na pedali na kiti cha sponji nyuma, kabla ya nduthi, yaani pikipiki, kuja kuichukua kazi. Badala yake walitutolea za gia, mitumba ya ng'ambo, na lazima niseme zimetunzwa. Cheni zina mafuta, breki zinashika, kila moja ina kengele na taa nyekundu nyuma. Kijana wa nyuma alimsimamisha kila mtu kando ya baiskeli yake, akapima kiti na kiuno, akakaza kwa spana, kisha akatuzungusha uani kabla ya kuruhusu mtu kutoka barabarani. Aliponifikia akasema, "Mathe, breki ya mbele usiishike peke yake, itakurusha." Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuja na dera licha ya ujumbe tuliotumiwa kwenye simu. Walimpa kamba ya mpira akalikunja hadi magotini, mambo yakaendelea. Viti tu ndivyo vilivyonishinda. Ni vyembamba na vigumu, vimetengenezewa makalio ya mtu mwingine kabisa. Vifuniko vya sponji si ghali, wanunue.

Baa ya kwanza iko ghorofani, karibu na Barabara ya Oginga Odinga. Tuliingia saa tisa na dakika chache. Viti vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya meza, dada mmoja anapiga deki, spika zimefunikwa kitambaa. Hiyo ni baa ambayo usiku wa Jumamosi huwezi kupata pa kuweka kiwiko, ohangla, muziki wa Wajaluo, inapigwa hadi glasi zinatembea zenyewe mezani. Sisi tulikaa pale kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Ile chupa ya bure ikaletwa, ikanywewa, na Mwalimu, mwenzetu mmoja ambaye hupenda kucheza rumba hata na nguzo, akamuuliza kijana wetu muziki unaanza saa ngapi. Saa mbili usiku. Ah.

Kutoka hapo ni kushuka kuelekea Milimani. Njia za miguu za matofali ya kabro zilizotengenezwa mjini wakati Kisumu ikijiandaa kwa Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022 zingekuwa raha kupitia, ila wenye mahindi ya kuchoma, viatu na vifuniko vya simu wamezipenda kuliko sisi, kwa hiyo sehemu kubwa tulikuwa barabarani na tuktuk. Hapa nampa kijana wa mbele alama zote. Hakukimbia, aliinua mkono kila kwenye mzunguko, na tuktuk zikasubiri. Kuona tuktuk ya Kisumu ikisubiri ni jambo la kupigia picha.

Milimani sitakaa sana. Bustani nzuri, miti mikubwa, nyasi zimekatwa, bia shilingi 350, choo kimefungwa kwa kufuli na ufunguo lazima uombwe kaunta kama uko bwenini. Risiti yetu ilikuwa na maji mawili ambayo hakuna aliyeyaagiza. Niliyatoa.

Sasa Nyalenda, mtaa wa mabanda wa hapa Kisumu. Hii ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika. Kwenye karatasi yao imeitwa kituo cha tatu, na watu wawili katika kundi letu walitaka kuiruka kwa sababu walishasikia habari za Nyalenda wakiwa na umri wa kuogopa kila kitu. Ni klabu ya keg, bia ya pipa ya bei nafuu, kando ya njia, mabati juu, mabenchi marefu, ukuta umepakwa rangi hadi nusu. Bei ya chupa moja ya Milimani ilinunua vikombe vinne na chenji ikabaki. Senator Keg ilianza mwaka 2004 ili kuwatoa watu kwenye chang'aa, pombe kali ya kienyeji, inatengenezwa kwa mtama, na tangu 2019 kiwanda cha bia cha hapa hapa Kisumu kimerudi kazini kuipika. Kwa hiyo hiyo ilikuwa pombe pekee ya siku nzima tuliyoweza kuiita ya nyumbani. Mimi sikuionja. Nilikuwa naangalia watu.

Wazee watatu walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mmoja aliinua macho, akaona watu saba wamevaa vizibao vya kijani kibichi, akauliza, "Omera, nyinyi ni wa kanjo?" yaani watu wa kaunti. Walidhani tumekuja kukagua leseni. Tulipowaambia tunatembea baa kwa baiskeli na tumelipia, walicheka hadi drafti ikaharibika. Mzee huyo alikuwa amebeba abiria kwa baiskeli miaka mingi, Kibuye hadi Kondele, na hakuelewa kabisa kwa nini mtu alipe ili apige pedali yeye mwenyewe. Alitoka nje, akakagua baiskeli zetu moja baada ya nyingine, akagonga spoki kwa kucha akisikiliza. Akatuambia ya Mwalimu ina spoki iliyolegea. Kijana wa nyuma akaikaza. Choo cha pale kilikuwa safi, ndoo ya maji imejaa, sabuni ipo, na hakuna ufunguo wa kuomba. Kama ningekuwa natoa nyota, zote ningeziacha kwenye lile benchi.

Tulikaa kupita kiasi, kama inavyotokea mahali pazuri. Tulipotoka jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya nyumba. Tukapiga pedali kuelekea Dunga, na tulipofika ukingo wa maji anga lilikuwa limebaki ukanda mwembamba wa rangi ya chungwa, halafu hata huo ukaondoka. Watu husafiri kutoka Nairobi kuja kuona jua likizama kwenye ghuba ya Winam. Sisi wenyeji tulilipa na tukaikuta giza.

Samaki tuliagiza saa moja na nusu. Anayejua Dunga anajua kwamba wet fry haifanywi kwa haraka. Unachagua samaki wako akiwa mbichi, bei inakwenda kwa ukubwa, anakaangwa, anarudi kwenye nyanya na vitunguu. Tulisubiri karibu saa nzima tukiwa na njaa na pombe ya baa tatu tumboni, yaani ya wenzangu. Alipofika, wallahi, kelele zote zilinyamaza. Ngege, yaani tilapia, wa shilingi 700, ngozi imekauka vizuri, mchuzi mzito, ugali wa moto, na osuga, mboga ya mnavu, iliyopikwa kwa maziwa. Ushauri wangu mdogo kwa mgeni: muulize mama samaki wake ni wa ziwani, wa kufugwa kwenye vizimba au ni yule wa barafu kutoka China. Hatakasirika. Ukimuuliza kwa heshima atakuonyesha na tofauti ya macho na magamba.

Ila kula gizani ukingoni mwa ziwa kuna gharama yake. Wadudu wa ziwani hufuata taa, na baa yote ina taa moja kubwa juu ya meza. Tulipowasha taa za mbele za baiskeli ili kurudi, wakahamia usoni. Ukiendesha na mdomo wazi utakula mara ya pili. Halafu kuna kiboko. Giza likiingia hutoka majini kuja kula majani nchi kavu, na njia ya kurudi inapita karibu na maji. Bawabu mmoja alitusimamisha akatuambia tungoje, kuna mmoja amepita upande wa majani. Tulingoja chini ya taa ya stima, baiskeli mkononi, hakuna aliyeongea, hadi bawabu akatupa ishara. Vijana walifanya kila kitu sawasawa hapo. Walituhesabu, wakatukusanya pamoja, mmoja wao mbele na mmoja nyuma, na Mwalimu ambaye alikuwa anaendesha kwa mawimbi walimpandisha tuktuk bila mjadala, baiskeli ikafungwa nyuma kwa kamba za mpira. Nauli ya tuktuk walilipa wao. Niliuliza mara mbili kuhakikisha.

Lakini kwa nini tuwe pale saa tatu usiku hata kidogo? Hii ndiyo lawama yangu, na nimeigeuza kila upande nikaona haina jibu. Ratiba igeuzwe. Saa tisa watu wapande baiskeli mjini wakiwa wakavu, waende moja kwa moja hadi Dunga kukiwa na mwanga, wapite Hifadhi ya Impala wakiwa na macho ya kuona njia. Waagize samaki mara wanapofika, wale washibe, jua liwazamie wakiwa wamekaa. Kisha waondoke mara moja, kabla kiboko hajaamka na kazi yake. Nyalenda ifuate wakati mabenchi yamejaa, Milimani wapite tu kama wanataka choo chenye ufunguo, na wamalizie ghorofani mjini saa mbili, ohangla ikiwa inaanza, hatua chache kutoka pale baiskeli zinaporudishwa. Pombe nyingi inanyweka baada ya chakula, na kilomita za gizani zinapungua.

Nilimweleza mwenyewe haya tuliporudisha helmeti. Alisema wateja wakilipa wanataka kinywaji hapo hapo, ukiwaambia wapige pedali kilomita nne kwanza wananuna. Labda. Lakini mimi nimeshika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi kwa muda wa kutosha kujua chupa ya bure haiwi bure. Nadhani ile baa ya ghorofani inampa bei nzuri kwa sababu anailetea watu saa ambayo haina mtu. Sikumsema vibaya kwa hilo, ni biashara. Nilimwambia tu kwamba chupa hiyo anaweza kuipeleka mwisho wa safari, na baa itamshukuru zaidi kwa kumletea watu saba walioshiba wanaotaka kucheza kuliko watu saba wanaoangalia deki ikikauka. Akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye simu.

Mkitaka kwenda hata kabla hajabadilisha, mkiwa kundi la watu watano au zaidi mnaweza kudai njia ya kinyume. Vijana wawili wale waliniambia kando kwamba hata wao wangeipenda. Epukeni miezi ya mvua ndefu, maana mvua ya Kisumu hupenda kuja jioni na radi zake, na kabro ikilowa inateleza. Vaeni suruali. Bebeni maji yenu. Na watakapoomba mwache vitambulisho kama dhamana ya baiskeli, kataeni kwa upole: tuliwapa namba ya simu na amana ya shilingi 1,000 kwa kila baiskeli, wakakubali bila shida, na ilirudi kwenye M-Pesa usiku huo huo, kabla sijafika nyumbani.